Thomas Day, Seremala Mwungwana Katika Nchi ya Utumwa

Tusikiapo habari za watu weusi wa Marekani kabla ya mwaka 1865, mara moja mawazo yetu huenda kwenye mashamba ya pamba na tumbaku, kwenye minyororo na viboko. Si makosa, maana hiyo ndiyo hali waliyokuwa nayo wengi mno. Katika jimbo moja tu la North Carolina, hesabu ya watu ya mwaka 1830 ilikuta watumwa 245,601. Lakini hesabu hiyo hiyo ilikuta pia watu weusi na machotara 19,543 ambao hawakuwa mali ya mtu. Kwa sheria walikuwa waungwana. Walilima mashamba yao, walifua chuma, walishona viatu, walijenga nyumba, na jioni walilala wakijua kwamba uungwana wao waweza kupunguzwa na Baraza la jimbo kila linapokutana.

Somo letu safari hii ni maisha ya mmoja wa watu hao, fundi wa samani aitwaye Thomas Day. Tumemchagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kazi ya mikono yake, ambayo hadi leo inatazamwa na kusifiwa. Ya pili ni ngumu zaidi, na hatutaificha: mtu huyu mweusi aliyekuwa huru alikuwa naye ana watumwa. Wako wanaosimulia habari zake wakiruka jambo hilo kama mtu arukaye dimbwi. Sisi twaona afadhali tuliingie.

Alizaliwa mwaka 1801 katika wilaya ya Dinwiddie, jimbo la Virginia. Tangu mwaka 1662 sheria ya Virginia ilikuwa imesema kwamba mtoto hufuata hali ya mama yake: mama mtumwa, mtoto mtumwa, mama mwungwana, mtoto mwungwana. Mama yake Thomas, Mourning Stewart, alikuwa mwungwana, basi Thomas na kaka yake John, aliyemtangulia kwa miaka minne, walizaliwa waungwana. Baba yao, John Day, alikuwa seremala wa samani, na wanawe wote wawili wakajifunza kazi kwake. Mwaka 1817 jamaa hiyo ilihamia North Carolina, katika wilaya ya Warren. Baada ya miaka michache Thomas akaenda kufanya kazi katika mji mdogo wa Milton, kando ya mto Dan, karibu kabisa na mpaka wa Virginia.

Milton ulikuwa mji wa tumbaku. Matajiri waliolima tumbaku kwa kazi ya watumwa walikuwa wanajenga nyumba kubwa, na nyumba kubwa haikai tupu. Ilitakiwa meza, makabati, vitanda, sofa na viti vya kubembea. Mwaka 1827 Day alinunua kiwanja katika barabara kuu ya mji, akatangaza katika gazeti la pale kwamba anawashukuru wateja wake na kwamba anatengeneza samani za mahogani, za walnati na za miti mingine iliyotiwa rangi. Alikuwa na miaka 26.

Mambo yangeendelea hivyo kwa utulivu kama asingetaka kuoa. Mwaka 1830 alifunga ndoa na Aquilla Wilson, binti mwungwana wa wilaya ya Halifax. Halifax haiko mbali na Milton, lakini iko ng'ambo ya mpaka, upande wa Virginia. Na North Carolina ilikuwa imeweka sheria miaka michache tu kabla ya hapo, kwamba mtu mweusi mwungwana kutoka jimbo lingine haruhusiwi kuingia na kukaa. Akiambiwa aondoke asipoondoka kwa muda wa siku 20, atatozwa dola 500, na asipoweza kulipa atakodishwa kwa kazi mpaka miaka kumi. Tufikiri maana yake. Bwana arusi hakuweza kumleta mke wake nyumbani. Akimleta, mke huyo aweza kufanywa mtumishi wa lazima, karibu sawa na mtumwa, kwa kosa la kukaa na mumewe.

Day akasema kwamba mkewe asiporuhusiwa kuingia, yeye atahama. Hapo Wazungu wa Milton walishtuka. Watu 61 walitia sahihi ombi kwa Baraza la Kutunga Sheria, wakieleza kwamba fundi huyu ni mtu wa tabia njema, tena kwamba kazi yake ina faida kwa mji. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Romulus Saunders, aliyeishi Milton, akaongeza maneno yake mwenyewe. Alimsifu Day kuwa mtu mwaminifu mwenye mali. Kisha akaandika neno ambalo twaomba wasomaji wetu walisome polepole: kwamba ikitokea ghasia yoyote kati ya watu weusi, yeye Saunders atategemea Day kuitoa siri hiyo, kwa kuwa Day anamiliki ardhi na watumwa.

Baraza lilikubali. Aquilla akaruhusiwa kuingia na kukaa. Mkutano huo huo wa Baraza ndio uliopiga marufuku kumfundisha mtumwa kusoma na kuandika, na ndio ulioweka sheria kwamba mtu mweusi mwungwana akitoka nje ya jimbo zaidi ya siku 90 asirudi tena. Hivyo mlango mmoja ulifunguliwa kwa mtu mmoja wakati milango mingine ilikuwa inafungwa kwa maelfu.

Twaona wazi basi uungwana wa Thomas Day ulisimama juu ya nini. Haukusimama juu ya haki. Ulisimama juu ya kuhitajiwa. Wale 61 hawakuandika kwamba ni vibaya kumtenga mtu na mkewe. Waliandika kwamba mtu huyu hasa anafaa. Tena alifaa kwa mambo mawili, ustadi wa kazi na watumwa aliokuwa nao. Watumwa hao kwa Wazungu walikuwa kama rehani: mtu mwenye watumwa, walifikiri, hatajiunga na watumwa.

Turudi kidogo katika karakana yake, maana fundi hajulikani kwa maneno ya mawakili. Siku zile mtindo uliopendwa ulikuwa wa mbao bapa zilizokatwa kwa mikunjo mikubwa kama herufi S na C. Mafundi waliuona katika vitabu vya michoro, kama kile cha John Hall kilichochapishwa Baltimore mwaka 1840. Day aliufuata mtindo huo, lakini alikuwa na mkono wake mwenyewe. Mkunjo ambao kitabuni umetulia, kwake hupinda zaidi, hujikunja tena, hupata shingo na tumbo. Zaidi ya samani alitengeneza kazi za ndani ya nyumba: fremu za milango, mapambo ya mahali pa kuotea moto, na ngazi. Ngazi zake ndizo tunazozipenda kuliko vyote katika picha tulizoziona. Pale chini mkono wa ngazi unapoishia, fundi wa kawaida huweka nguzo ya kukereza yenye kichwa cha mviringo, basi. Day aliweka ubao mkubwa uliopinda kama mkonga au kama wimbi linalotaka kuvunjika, kila nyumba na umbo lake. Mgeni aliyeingia nyumba hiyo alikutana na kazi ya mtu mweusi kabla hajakutana na mwenye nyumba.

Mahogani, ndugu wa mkangazi wetu, ililetwa kwa meli kutoka visiwa vya Karibi, nayo ilikuwa ghali. Kwa hiyo haikutumiwa ovyo. Mti wa bei nafuu ulitumika kwa kiunzi cha ndani, na juu yake likabandikwa kwa gundi ganda jembamba la mahogani, likabanwa mpaka likauke, likasuguliwa, likapigwa vanishi. Kazi hiyo haina huruma kwa mtu mvivu. Gundi ikipoa kabla ya kubana, au ubao wa chini ukiwa haujakauka vizuri, baada ya mwaka mmoja ganda hujivua kama ngozi iliyoungua. (Kila msomaji aliyewahi kungoja kabati kwa fundi miezi sita, kisha akaletewa lililopinda, atajua kwa nini watu wa Milton hawakutaka Day ahame.)

Mwaka 1848 alinunua jengo la matofali lililokuwa hoteli, Union Tavern, katika barabara kuu. Akalifanya nyumba yake na mahali pa kazi. Mwaka wa 1847 alikuwa ameandikiana na David Swain, mkuu wa Chuo Kikuu cha North Carolina, juu ya kazi ya mbao kwa kumbi za vyama viwili vya wanafunzi. Katika miaka ya 1850 David Reid, aliyepata kuwa Gavana, aliagiza kwake samani zaidi ya 40 kwa ajili ya nyumba yake. Day akaweka mashine za mvuke. Hesabu ya mwaka 1850 ilionyesha kwamba karakana yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote za samani katika jimbo zima, nayo ilikuwa na watenda kazi 12. Kati ya mafundi aliowaajiri walikuwamo Wazungu, waliopokea amri na mshahara kutoka kwa mtu mweusi. Katika Kusini ya Marekani jambo hilo lilikuwa adimu sana.

Na hesabu hiyo hiyo ya mwaka 1850 ilimwandika kuwa na watumwa 14.

Karatasi za hesabu ya watumwa hazikuandika majina ya watumwa. Ziliandika jina la bwana, na chini yake mistari: umri, mume au mke, mweusi au chotara. Ndivyo walivyoandikwa wale 14. Jina la Day laandikwa, na lao halikuandikwa. Baadhi yao bila shaka walishika randa na patasi pamoja naye, na mkunjo ambao leo tunausifu kuwa wa Thomas Day huenda ulilainishwa kwa msasa na mkono ambao haukuwa na ruhusa ya kuondoka jioni.

Twawezaje kumwelewa? Wako waungwana weusi walionunua wake zao na watoto wao ili kuwaokoa, na kwa sheria wakahesabiwa kuwa wenye watumwa. Lakini watu 14 katika karakana ya biashara si habari ya kumkomboa mke. Wako wanaosema kwamba katika mji ule asingeweza kushindana na maseremala wengine bila kutumia kazi ya watumwa, tena kwamba watumwa ndio waliomfanya aaminiwe na Wazungu. Yote mawili yana ukweli; maneno ya Saunders yanatosha kuwa ushahidi. Hata hivyo, sababu inaeleza jambo, hailisafishi. Kwa wale 14 bwana mweusi alikuwa bwana.

Ila kuna jambo lingine, ambalo watafiti wamelifahamu siku za karibu tu. Mwaka 1835 Thomas Day alisafiri mpaka Philadelphia, katika mkutano wa watu weusi huru uliokutana kila mwaka kutafuta maendeleo yao na kupinga utumwa. Mwaka huo huo North Carolina iliwanyang'anya waungwana weusi haki ya kupiga kura, haki waliyokuwa nayo mpaka hapo. Miaka minne tu ilikuwa imepita tangu Nat Turner aongoze uasi wa watumwa huko Southampton, Virginia, mwaka 1831, na hofu ya Wazungu ilikuwa ingali mbichi. Kama watu wa Milton wangejua kwamba fundi wao anaketi na wapinga utumwa, yule ambaye Saunders alisema atawatolea siri za wengine, hatujui angepata wapi pa kukimbilia. Aliitunza siri yake mwenyewe. Aliondoka, akarudi kabla siku 90 hazijaisha, akaendelea kuranda mbao.

Watoto wake watatu, Mary Ann, Devereux na Thomas, hakuwaacha Milton. Aliwapeleka Massachusetts, kaskazini, katika shule ya Wamethodisti ya Wilbraham, ambako viongozi walikuwa wapinga utumwa. Hapo ndipo fedha za samani zilipokwenda. Mwaka 1851 alimwandikia Mary Ann barua ambayo ingaliko. Humo anamwambia binti yake kwamba alikuja Milton akiwa na nia ya kukaa miaka minne, na sasa imekuwa mara saba ya minne. Na kwamba hata hivyo mji huo haupendi zaidi wala pungufu kuliko siku ya kwanza alipoingia. Baba wa watoto watatu, mwenye nyumba ya matofali katika barabara kuu, mwenye heshima ya magavana, baada ya miaka 28 bado anausema mji wake kama mpangaji.

Tuje kwenye kanisa. Day na mkewe walikuwa washirika wa Kanisa la Presbiteri la Milton. Katika makanisa mengi ya Kusini siku zile Wazungu waliketi chini, na watu weusi, watumwa na waungwana, walipandishwa kwenye roshani ya juu au kusukumwa nyuma. Mabenchi ya kanisa hilo la Milton, ya mti wa walnati, yenye mikono iliyokunjwa kwa namna ile ile tuliyoieleza, ni kazi ya karakana ya Day. Wazee wa mji husimulia kwamba alikubali kuyatengeneza kwa sharti moja: yeye na mkewe waketi chini, pamoja na wengine. Yanayojulikana ni kwamba jamaa yake iliketi chini. Masimulizi hayo hupendeza watu, nasi yanatupendeza, lakini tusikimbilie kushangilia. Kiti katika nyumba ya Mungu kilinunuliwa. Asiyekuwa seremala alibaki juu, na watumwa wa seremala nao walibaki huko. Yakobo aliwaandikia Wakristo wa kwanza juu ya jambo hilo hilo la viti, nani aambiwe keti hapa mahali pazuri na nani aambiwe simama pale. Nasi hatuna haja ya kwenda Milton kutafuta makanisa yenye viti vya wakubwa.

Kaka yake John alichagua njia nyingine. Naye alikuwa seremala, kisha akawa mhubiri wa Kibaptisti. Mwaka 1830, mwaka ule ule wa ombi la Thomas, alivuka bahari kwenda Liberia pamoja na mke na watoto wake. Homa iliwaua mke na watoto. Yeye alibaki, akafanya kazi ya umisionari na kuanzisha shule, akawa mmoja wa waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Liberia mwaka 1847, na baadaye Jaji Mkuu wa nchi hiyo mpaka alipofariki mwaka 1859. Ndugu wawili wa tumbo moja, waliofundishwa randa moja: mmoja alisema hapa hapawezekani, akaondoka na kulipa kwa makaburi, mwingine alisema nitakaa, akalipa kwa namna tuliyoiona. Hatuthubutu kusema ni yupi aliyechagua vema.

Mwisho wa Thomas ulikuja kwa njia ya fedha. Mwaka 1857 benki za Marekani zilianza kuanguka, mkopo ukakauka nchi nzima. Biashara ya samani katika nchi ya tumbaku iliendeshwa kwa ahadi: mteja huchukua kabati leo, hulipa baada ya mavuno. Wateja waliposhindwa kulipa, Day naye akashindwa kuwalipa aliowakopa, na mwaka 1858 alikuwa amefilisika. Siku hizo hizo majimbo ya Kusini yalikuwa yanabana zaidi watu weusi huru; Arkansas mwaka 1859 ilipitisha sheria ya kuwafukuza wote. Day alifariki yapata mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikianza. Hakuiona Januari 1863, Rais Lincoln alipotangaza uhuru wa watumwa wa majimbo yaliyoasi, wala Desemba 1865, utumwa ulipofutwa na Katiba. Mwanawe Thomas aliishika karakana, akaiendesha mpaka mwaka 1871.

Union Tavern ilitambuliwa kuwa jengo la kumbukumbu la taifa mwaka 1975. Iliungua vibaya mwaka 1989, nayo imejengwa upya. Makabati na viti vingi vya Day vimo katika jumba la makumbusho ya historia huko Raleigh.

Vikundi vitakavyojadili somo hili visome kwanza Yakobo sura ya 2, aya 1 hadi 9, na Waraka kwa Filemoni wote, ambao ni mfupi. Kisha wazungumze maswali haya mawili: Wale 61 waliotia sahihi walimtendea Day wema, au walijitendea wenyewe? Na kama mmoja wa wale 14 angekuwa amepata nafasi ya kuandika barua kama ile ya mwaka 1851, angemweleza mtoto wake nini juu ya Bwana Day?